Kadi ya 2.5G yenye chipu ya RTL8125B kwenye seva ya Linux: kadi haina neno, draiva ndiyo ya kuangalia

Kadi hizi za mtandao za gigabiti 2.5 zimejaa madukani. Ni kibao kidogo cha PCIe x1 chenye tundu moja la RJ45 na bati mbili za kufungia, fupi na ndefu, na mara nyingi huja kwenye mfuko tu bila boksi wala karatasi ya maelezo. Jina lililochapwa juu yake halina uzito. TP-Link TX201 na nyingine nyingi zisizo na jina zimebeba chipu ileile ya Realtek, RTL8125B, na inayopimwa hapa ni chipu hiyo ikiwa ndani ya seva ya Debian, Ubuntu au Proxmox (mfumo wa kuendeshea mashine pepe).

Hukumu yenyewe ni hii. Kwa seva ya mafaili, ya chelezo au yenye mashine pepe chache, inunue. Kwa ruta inayobeba ofisi nzima, au kwa seva iliyofungiwa mbali ambako hakuna mtu wa kubonyeza swichi ya umeme, jiulize tena. Na kokote utakakoiweka, usikimbilie kuipachika draiva (programu inayoiendesha kadi) ya mtengenezaji. Seva nyingi zinazosemekana "kadi imekufa" zilikuwa na kadi nzima kabisa. Kilichokosekana ni draiva, na aliyeifukuza ni fundi mwenyewe.

Ukishaichomeka, amri ya kwanza ni moja tu:

lspci -nnk -d 10ec:

Utaona RTL8125 2.5GbE Controller, namba [10ec:8125], na chini yake mistari miwili ya kusoma kwa makini. "Kernel driver in use" inakuambia nani anaendesha kadi sasa hivi. "Kernel modules" inataja draiva zinazoifaa tu, iwe zimepakiwa au la. Mstari wa kwanza ukikosekana na wa pili upo, kadi imeonekana lakini haijapata draiva. Vyote viwili vikikosekana, keneli yako (kiini cha Linux) haiijui. Na kama lspci yenyewe haitaji kitu, achana na habari za draiva: zima mashine, chomoa waya wa umeme, ikalishe kadi vizuri kwenye sloti, na uangalie kwenye BIOS kama sloti hiyo haijazimwa kwa sababu inagawana njia na tundu la SSD la M.2.

Kasi kwanza, maana ndiyo watu wanayoilipia. iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) ya dakika kumi kati ya mashine mbili zenye 2.5G, fremu za kawaida za baiti 1500, inatakiwa itoe karibu gigabiti 2.35 kwa sekunde. Pima pande zote mbili:

iperf3 -c 10.0.0.2 -t 600
iperf3 -c 10.0.0.2 -t 600 -R

Ukipata 940 megabiti, hiyo ni gigabiti 1 iliyotimia, kwa hiyo tazama swichi kabla hujailaumu kadi. Swichi ya 1G haitakupa 2.5G hata uilipie mara mbili. Ukipata chini ya gigabiti 2, mchawi ni sloti. Kadi hii inahitaji PCIe ya 5GT/s. Kwenye mazabodi za zamani baadhi ya sloti za x1 ni za 2.5GT/s, ambazo baada ya gharama ya usimbaji hubaki na gigabiti 2 tu. Amri ya `lspci -vv -s 03:00.0` (weka anwani ya kadi yako) inaonyesha mstari wa LnkSta: ukisoma Speed 2.5GT/s, hamishia kadi kwenye sloti nyingine. Ile ndefu ya x16 inaipokea bila shida.

Sasa draiva. Ndani ya keneli inaitwa r8169, jina la chipu ya zamani mno, na linachanganya watu: wanaona 8169, wanatazama kadi yao ni 8125, wanadhani wamepewa draiva isiyo yao. Ndiyo yenyewe. Familia ya RTL8125 iliingia humo tangu keneli 5.4, na toleo la B likaja na 5.9. Kwa hiyo Debian 11 (5.10), Debian 12 (6.1), Ubuntu 22.04 (5.15) na 24.04 (6.8) zote zinaiendesha bila kuongeza chochote. Ubuntu 20.04 yenye keneli yake ya awali ya 5.4 haiwezi, kwenye dmesg (kumbukumbu za keneli) itaandika "unknown chip XID 641"; XID ni namba ya kutambulisha toleo la chipu. Dawa yake ni kifurushi cha linux-generic-hwe-20.04 kinacholeta 5.15, na dawa bora zaidi ni kuachana na 20.04. Ujumbe huohuo ukiwa na namba 688 maana yake umepata RTL8125D, chipu mpya zaidi, na Debian 12 kwa keneli yake ya kawaida haiijui. Hapo unahitaji keneli mpya zaidi inayoitambua chipu hiyo.

Kitu cha pili ni femuwea, yaani faili dogo ambalo keneli huisukumia chipu wakati wa kuwaka. Debian ikisakinishwa bila hazina (ghala la vifurushi) ya non-free-firmware, utaona hivi:

Direct firmware load for rtl_nic/rtl8125b-2.fw failed with error -2

Hiyo -2 maana yake ni faili halipo, basi. Kadi haigomi kwa hilo. R8169 inaendelea bila femuwea na mara nyingi mtandao unapatikana, ndiyo sababu wengi wanaupita ujumbe huu bila kuusoma. Kisha baada ya wiki kiungo kinaanza kukatikakatika au kinang'ang'ania 1G, na lawama zinaenda kwa kebo. Ongeza non-free-firmware kwenye orodha ya hazina, kisha:

apt install firmware-realtek
update-initramfs -u

Kwenye Ubuntu faili hilo limo ndani ya linux-firmware. Na kama seva haina intaneti kwa sababu ya kadi hiyohiyo, simu ya Android yenye bando inatosha: ichomeke kwa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, tazama `ip -br link` uone kiolesura kipya cha usb0 au chenye jina linaloanza na enx, kiombee anwani kwa dhclient. Hakuna femuwea inayohitajika hapo.

Kuna ujumbe mwingine unaofanana na huo lakini si huo: "no dedicated PHY driver found", ukifuatiwa na dokezo kuhusu realtek.ko. Huu unatokea pale initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kupakiwa mashine ikiwaka) imebeba r8169 na kuisahau moduli ya pembeni iitwayo realtek, inayoshughulikia upande wa waya. Andika neno realtek kwenye mstari wake ndani ya /etc/initramfs-tools/modules, jenga initramfs upya, washa mashine upya.

Tufike kwenye kidonda chenyewe. Realtek wanatoa draiva yao, r8125, kama msimbo wa kujijengea, na ndani yake kuna hati ya autorun.sh. Ukiiendesha, inaiondoa r8169, inajenga r8125, inaipakia, mtandao unarudi, kila mtu anafurahi. Tatizo ni kwamba imejengwa kwa keneli inayoendesha mashine dakika hiyo tu. Fundi naye, ili r8169 isirudi kuleta fujo, anaandika `blacklist r8169` kwenye /etc/modprobe.d/. Mwezi unaofuata masasisho ya usalama yanaleta keneli mpya. Seva inawashwa upya usiku. Kwenye keneli mpya r8125 haipo, r8169 ipo lakini imepigwa marufuku, na asubuhi seva haijibu hata ping. Taa za kadi zinaweza kuwa zinawaka, maana kadi ni nzima.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Tundu la mtandao la 1G lililo kwenye mazabodi mara nyingi ni RTL8111 au RTL8168, na hilo pia linaendeshwa na r8169. Marufuku ile imeua matundu yote mawili kwa mpigo. Ukisikia mtu anasema "hata ile ya ndani imekufa, lazima ni radi," muulize kwanza kilichomo kwenye modprobe.d.

Kujinasua si kazi ngumu, ila ni lazima uwe mbele ya skrini ya mashine au uwe na IPMI (njia ya kuifikia skrini ya seva kwa mbali). Andika:

modprobe r8169

Itakubali. Marufuku ya blacklist inazuia moduli isijipakie yenyewe kifaa kinapoonekana. Haimzuii mtu anayeiita kwa jina. (Kama aliyetangulia aliandika `install r8169 /bin/false`, hapo haitakubali, futa mstari huo kwanza.) Mtandao ukirudi, futa faili la marufuku, kisha:

update-initramfs -u -k all

Usiisahau hiyo `-k all`. Nakala ya marufuku imo pia ndani ya initramfs, na ukijenga ya keneli moja tu, siku utakayorudi kwenye keneli nyingine utakutana nayo tena.

Je, r8125 haina kazi kabisa? Inayo. Chipu ikiwa mpya kuliko keneli yako na huwezi kubadilisha keneli, huna njia nyingine. Hapo iweke kupitia DKMS (mfumo unaoijenga draiva upya kwa kila keneli mpya), siyo autorun.sh, na hakikisha vichwa vya keneli vinajisasisha vyenyewe: linux-headers-amd64 kwenye Debian, proxmox-default-headers kwenye Proxmox, siyo kifurushi chenye namba ya toleo moja. Kabla ya kuwasha upya, soma `dkms status`. Keneli mpya isipoandikwa "installed" mbele ya r8125, usiguse reboot. Na kama Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokubali msimbo uliotiwa saini tu) imewashwa, moduli isiyotiwa saini itakataliwa kwa maneno haya: "Key was rejected by service". Kwenye Debian sajili ufunguo wa DKMS kwa `mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, weka nywila ya mara moja, washa upya, na uthibitishe kwenye skrini ya buluu inayotokea kabla ya mfumo. Skrini hiyo haionekani kwa SSH. Nani yuko chumba cha seva saa hizo?

Jambo moja la kweli ambalo r8125 inalo na r8169 haina: foleni nyingi. Draiva ya keneli inatumia foleni moja, kwa hiyo mapokezi yote yanaangukia kiini kimoja cha prosesa. Kwa kunakili mafaili makubwa hutaligundua. Kwa ruta yenye pakiti ndogondogo nyingi za simu na VoIP utaliona kwenye top: ksoftirqd moja (kazi ya keneli inayoshughulikia pakiti) imefika asilimia 100 huku viini vingine vimelala. Unaweza kugawa mzigo bila kubadilisha draiva, kwa mfano kwa viini vinne:

echo f > /sys/class/net/enp3s0/queues/rx-0/rps_cpus

Inasaidia, lakini haiigeuzi kadi hii kuwa ya ruta kubwa.

Kasoro ya pili inayostahili kunyimwa nyota ni usingizi wa PCIe, ASPM. Kwenye baadhi ya mazabodi kadi na chipseti hawaelewani wakati wa kuingia na kutoka kwenye hali ya L1, yaani usingizi wenyewe. Dalili haina mfano: seva inafanya kazi siku tatu, nne, halafu mtandao unakatika, na dmesg inaonyesha

NETDEV WATCHDOG: enp3s0 (r8169): transmit queue 0 timed out

pengine ikifuatiwa na mistari ya "rtl_rxtx_empty_cond". Ushauri unaozagaa ni kuongeza pcie_aspm=off kwenye GRUB, na kuna kitu wanaoutoa hawakisemi: neno hilo linaiambia keneli isiguse mipangilio ya ASPM kabisa. Kama BIOS ilishaiwasha kabla Linux haijaamka, inabaki imewaka. Ndiyo maana kuna watu wanaapa kuwa dawa haifanyi kazi. Zima kwenye BIOS, au tumia pcie_aspm.policy=performance, kisha uthibitishe kwa macho:

lspci -vv -s 03:00.0 | grep LnkCtl

Unataka kusoma "ASPM Disabled". Kwa keneli za 5.5 na kuendelea kuna njia ya upole zaidi inayogusa kadi hiyo peke yake na kuacha SSD ziendelee kuokoa umeme. Tengeneza faili /etc/tmpfiles.d/rtl-aspm.conf lenye mstari mmoja:

w /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/link/l1_aspm - - - - 0

Ukijaribu mambo haya kwa mbali, anza na `shutdown -r +10`. Andika 0 kwenye faili hilo la sys kwa mkono. Mambo yakienda vizuri, `shutdown -c`. Yakiharibika, mashine inajiwasha upya na kusahau ulichofanya. Faili la tmpfiles liandike baada ya hapo, siyo kabla.

Kebo zisituchukulie muda mrefu. Cat5e ya shaba inabeba 2.5G mpaka mita 100, hiyo ndiyo kazi ambayo kiwango cha 802.3bz cha 2016 kiliandikiwa. Lakini kebo nyingi za bei chee ni alumini iliyopakwa shaba; kwangua waya mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, umepata jibu. Keneli nayo itakuambia jozi ya waya ikiwa imekatika: "Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!" Megabiti 100 zinatumia jozi mbili tu kati ya nne, kwa hiyo seva inaendelea kupumua kwa jozi mbili zilizobaki na hakuna anayeshtuka mpaka chelezo ya usiku ianze kumalizika saa sita mchana.

Na majina. Kuongeza kadi kwenye sloti kunaweza kusukuma namba za basi la PCI, ile iliyokuwa enp3s0 ikaamka enp4s0, na mipangilio ya anwani ikabaki inamsubiri marehemu. Funga jina kwa anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kila kadi) kabla hujazima mashine kuichomeka. Faili /etc/systemd/network/10-lan0.link:

[Match]
MACAddress=anwani ya kadi ya zamani
[Link]
Name=lan0

Badilisha jina hilohilo kwenye mipangilio ya mtandao, jenga initramfs, ndipo uzime. Ukinunua mbili kwa pamoja, linganisha MAC zake kwanza. Zikifanana kwenye swichi moja, utatafuta ugonjwa usiku kucha.

Kuhusu kulinganisha na Intel, ambayo kila fundi wa seva atakutajia: kwenye 2.5G jina hilo si kinga. I225-V za mwanzo zilikuwa na hitilafu ya nafasi kati ya pakiti, ikarekebishwa kwenye toleo la B3, linaloonekana kwenye lspci kama [8086:15f3] rev 03. Chini ya hapo usichukue. I226-V [8086:125c] ni nzuri zaidi, draiva yake igc imo ndani ya keneli na ina foleni nyingi, kwa hiyo kwa ruta ndiyo ningeilipia. Nayo ina balaa lake la ASPM, linalojitangaza kwa "PCIe link lost, device now detached", na pale kiungo kinapopotea kwa sekunde chache mara kwa mara, zima EEE (uokoaji wa umeme wa kiungo cha Ethernet): `ethtool --set-eee enp3s0 eee off`.

Ukiwa kaunta, Kariakoo au Luthuli, nenda na flashi ya Debian 12 live. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine yoyote, iwashe, kisha `dmesg | grep XID`. RTL8125B inajitaja kwa jina pamoja na XID 641. 609 ni RTL8125A ya kwanza. Ukiona lspci inasema [10ec:8168], stika ya 2.5G iliyobandikwa juu haibadilishi kitu, hiyo ni kadi ya gigabiti 1, mrudishie.